Vitabu vya wasifu: Agassi, Trevor Noah au Will Smith? Nina nafasi ya viwili tu

Mlezi_wa_Kurasa
Wakuu habari zenu. Niende kwenye mada. Nataka kununua vitabu viwili, siyo riwaya, vya kweli, vya watu wa burudani au michezo ila viwe na mambo ya familia ndani yake, siyo magoli na makombe tu. Nimezunguka weee nimebaki na vitatu: Open cha Andre Agassi (mcheza tenisi), Born a Crime cha Trevor Noah (mchekeshaji wa Afrika Kusini) na Will cha Will Smith (mwigizaji). Sijasoma hata kimoja. Waliosoma nisaidieni, nichukue vipi na kipi nikiache. Natakiwa niamue wiki hii. Nawasilisha.

Bundi_Halali
Mkuu ni vya nani? Vyako au zawadi? Huyo mtu ana umri gani, Kiingereza kinapanda? Anasoma vya karatasi au kwenye simu? Umekuja kama mtu anayeingia duka la dawa anasema nipe dawa.

Chenga_Twawala
Open. Uzi ufungwe.

MamaWawili
Born a Crime, na nafasi ya pili Born a Crime nyingine umpe jirani 😂

Natafuta_Pdf
Mwenye pdf ya hivyo vitatu aitupie hapa tafadhali

Bundi_Halali
Chenga "uzi ufungwe" siyo sababu. Toa sababu.

Chenga_Twawala
Haya sikilizeni. Kitabu kinaanza jamaa kaamka sakafuni, siyo kitandani, sababu mgongo umekwisha, ni US Open ya 2006, mashindano yake ya mwisho, halafu hapo hapo anakwambia anachukia tenisi. Bingwa wa Grand Slam nane, yale mashindano makubwa kabisa ya tenisi! Anachukia toka mtoto. Baba yake alikuwa bondia, alipigania Iran kwenye Olimpiki, akahamia Las Vegas, akajenga uwanja nyuma ya nyumba na akaichezea mashine ya kurusha mipira mpaka ikawa inatema mipira kama risasi, dogo akaiita joka. Ana miaka saba anapiga mipira 2,500 kwa siku. Mzee kapiga hesabu kwamba kwa mwaka inakaribia milioni moja na mtoto anayepiga mipira milioni moja kwa mwaka hakuna wa kumfunga. Na neti kaipandisha inchi sita juu ya kipimo ili mtoto apate tabu zaidi. Nilianza saa tatu usiku nikaja kushtuka saa tisa.

Halafu kuna ile ya wigi. Zile nywele zake ndefu za zamani, wigi bwana! Usiku wa kuamkia fainali ya Paris 1990 wigi likaanza kuachia bafuni, kaka yake akalishikiza na vibanio, kesho yake anaingia uwanjani anaomba Mungu, haombi ushindi, anaomba wigi lisidondoke. Akafungwa na mpinzani wake Gómez. Nilicheka mpaka mke wangu akaniuliza kuna nini.

Kalamu_Nyekundu
Kitabu kizuri sikatai, lakini tuseme ukweli hakukiandika yeye. Aliyekiandika ni J.R. Moehringer, mwandishi wa habari mwenye tuzo ya Pulitzer, na jina lake halipo kwenye kava. Huyo huyo ndiye aliyemwandikia na Prince Harry. Kwa hiyo unaposema "Agassi anaandika vizuri" unamsifia mtu mwingine.

Chenga_Twawala
Nani kasema anaandika vizuri? Nimesema nilicheka.

Mlezi_wa_Kurasa
Samahanini nilitingwa. Ni zawadi. Ni ya kijana wa miaka 16, Kiingereza anasoma freshi tu. Vya karatasi, simu tayari anayo muda wote hatuhitaji kumuongezea sababu.

Bundi_Halali
Kijana wako au wa mtu? Anapenda kusoma au ndo unataka aanze?

MamaWawili
Miaka 16 basi maneno yangu yamepata nguvu. Trevor Noah anachekesha kuanzia mwanzo, sura fupi fupi, unaweza kusoma moja ukaweka ukaenda kulala. Mtoto wa 16 ukimpa Agassi kurasa karibu mia nne za seti na mechi atafika ya hamsini atalifanya tegemeo la mlango. Kwa Trevor kuna mama ndani yake jamani, mama huyo! Wamepanda daladala ya watu usiku, dereva kaanza vitisho, mama anamsukuma mtoto nje gari likiwa kwenye mwendo halafu na yeye anaruka na kichanga mkononi, wanaanza kukimbia, na Trevor analalamika tu kwamba alimwambia mama leo tusiende kanisani. Na ile ya mbwa wao Fufi aliyekuwa kiziwi, kumbe kila siku akiachwa peke yake anaruka ukuta anakwenda kuishi na familia nyingine, Trevor anamfuata anakuta mtoto mwingine anadai mbwa ni wake, moyo unavunjika pale pale. Mwanangu wa kwanza alisoma hiyo sura akaja jikoni kunisomea kwa sauti, mtoto ambaye salamu tu tunalipana.

Mwisho unatisha lakini, baba wa kambo anampiga mama risasi ya kichwa. Anapona. Nawaambia mapema ili mtu asije kunilaumu.

Sauti_ya_Pembeni
Mnasahau kwamba Born a Crime ni cha kusikiliza siyo kusoma. Anasoma mwenyewe, anaigiza sauti ya mama, anahama Kixhosa anaingia Kizulu anarudi Kiingereza, kwenye karatasi hayo yote yanakufa. Hata Viola Davis yule mwigizaji, Grammy aliyopata 2023 alipata kwa kusoma kitabu chake mwenyewe kwa sauti, ndo ikamkamilishia zile tuzo nne kubwa, Emmy, Grammy, Oscar na Tony.

Kalamu_Nyekundu
Kusikiliza siyo kusoma.

Sauti_ya_Pembeni
Tulijua utakuja

Kalamu_Nyekundu
Nimekuja. Ukisikiliza huku unaosha vyombo umesikiliza stori, hujasoma kitabu. Huwezi kurudi nyuma sentensi moja, huwezi kupiga mstari.

Sauti_ya_Pembeni
Kuna kitufe cha kurudi nyuma sekunde 15 mzee wangu. Na mstari unapiga wa nini, kuna mtihani?

Bundi_Halali
OP (mwenye uzi) amesema karatasi. Tuheshimu. OP hujajibu maswali yangu.

Mwanagenzi77
Kabla hujanunua popote naomba uzingatie hili, mimi yalinikuta na mpaka leo nikikumbuka nasikia joto. Nilikuwa natafuta wasifu wa Muhammad Ali kumpa shemeji yangu, ni mtu wa ngumi sana, anajua raundi kwa raundi. Nikaingia mtandaoni nikaandika jina, vikaja vitabu kibao, nikachagua kimoja kina picha nzuri, kava jeusi, jina kubwa la Ali, chini maandishi madogo ambayo kwa simu yangu yalionekana kama vumbi. Bei yake nusu ya vingine nikajiona mjanja. Kikaja baada ya wiki kadhaa, nafungua, chembamba kama daftari la hesabu. Nikajipa moyo labda ni karatasi nyembamba. Wapi! Kurasa sitini na kitu, maandishi makubwa kama ya chekechea, mistari imeachana unaweza kuandika barua katikati. Ndo nikaweka mwanga yale maandishi madogo yanasema "muhtasari usio rasmi". Yaani nimenunua muhtasari wa kitabu siyo kitabu. Picha hata moja hakuna. Mwandishi jina moja tu, nikalitafuta nikakuta mwezi huo huo katoa wasifu wa watu wengine kumi na kitu, mpishi, rubani, mwanamuziki, wote maisha yao yanaanza na sentensi moja, "alizaliwa katika familia ya kawaida lakini alikuwa na ndoto kubwa". Kila sura inaisha na swali, "je wewe ungefanya nini?"

Kibaya zaidi siku ya kutoa zawadi ilikuwa kesho yake nikasema potelea mbali nikakifunga vizuri nikampa. Akakifungua mbele za watu. Akasoma kidogo, akanyamaza, akaniuliza kwa upole kabisa, shemeji, hapa wanasema lile pambano la Kinshasa na Foreman lilikwenda raundi kumi na mbili? Ukumbi mzima unajua liliishia ya nane. Nikasema labda wamekosea chapa. Akasema na hapa wameandika Foreman alishinda kwa pointi. Watu wakaanza kuniangalia mimi kama ndiye niliyeandika. Kuomba hela zirudi muuzaji akaniambia kwenye maelezo iliandikwa, na kweli iliandikwa, chini kabisa. Kwa hiyo OP: angalia idadi ya kurasa, angalia jina la mchapishaji, na ukiona neno muhtasari kimbia.

Chenga_Twawala
😂😂😂 Foreman alishinda kwa pointi nimekufa

Refa_Mstaafu
Pole sana kaka. Ila hata vilivyo halisi usiviamini vyote. Hicho cha Ali mwenyewe cha 1975 ndicho kina ile stori ya kutupa medali ya Olimpiki mtoni kwa hasira ya ubaguzi, dunia nzima ikaamini, kumbe baadaye ikasemwa medali ilipotea tu. 1996 pale Atlanta wakampa nyingine. Kama unataka Ali mchukue Jonathan Eig wa 2017, amechimba.

Kalamu_Nyekundu
Ndiyo nilichokuwa nasema. Wasifu ulioandikwa na mtu wa nje aliyechimba unauzidi wa mhusika kila siku. Mhusika anajitetea. Zlatan yule mchezaji mpira je? Mwandishi wake alikuja kusema mwenyewe kwamba maneno mengi mle hayakuwa yamenukuliwa neno kwa neno, alitafuta tu sauti yake.

MamaWawili
Sasa mtu wa nje atajuaje mama yake Trevor alimwambia nini kwenye daladala? Kuna vitu anayevijua ni aliyekuwa ndani.

Kalamu_Nyekundu
Na kuna vitu aliyekuwa ndani hawezi kuviona. Mtoto wa miaka sita kwenye daladala anakumbuka mazungumzo mazima?

MamaWawili
Alikuwa na tisa.

Mlezi_wa_Kurasa
Jamani asanteni, Mwanagenzi pole sana nimecheka ila pole. Bundi nakujibu: kijana ni wangu wa kumzaa. Hapendi sana kusoma ila akikipenda kitu anakimaliza. Sababu ya zawadi ni kwamba anacheza mpira wa kikapu, yuko vizuri kweli siyo kwamba nasema kwa sababu ni wangu, na miezi hii miwili ameanza kusema anataka kuacha. Hana sababu. Ameumia? Hapana. Anasema tu amechoka. Sasa nataka kitabu kitakachomrudishia moto, aone wenzake walipitia magumu wakavumilia. Ndo maana nilikuwa naegemea Agassi.

Bundi_Halali
Na kocha wake ni nani?

Mlezi_wa_Kurasa
Kwa sasa wa timu. Ila msingi wote nimemjenga mimi toka ana miaka saba. Mpaka leo asubuhi kabla ya shule tunapiga mitupo mia mbili, mimi namrudishia mpira.

Chenga_Twawala
MKUU

Chenga_Twawala
Mkuu rudi usome nilichoandika juu pale. Joka ni wewe 😂

Mlezi_wa_Kurasa
Mia mbili na elfu mbili na mia tano ni sawa?

Sauti_ya_Pembeni
Kapiga hesabu tayari, baba Agassi mtupu

Mlezi_wa_Kurasa
Cheka tu. Mimi sijawahi kumpigia kelele wala kumlazimisha. Aliniomba mwenyewe nimfundishe. Na mwisho wa siku huyo Agassi si alikuwa bingwa? Baba yake alikosea wapi?

MamaWawili
Kaka yangu nakuheshimu. Soma tu kwanza wewe kabla hujampa. Siyo kwa ubaya. Na hicho cha Will kisome pia, kinaanza na ukuta, baba yake kabomoa ukuta wa mbele wa karakana akawaambia yeye na mdogo wake waujenge upya, watoto wadogo, tofali kwa tofali, ikawachukua karibu mwaka. Ukiishia hapo utasema huyu baba safi, kamfundisha kuvumilia. Endelea. Ana miaka tisa anamuona baba anampiga mama mpaka anaanguka na yeye kasimama tu hajafanya kitu. Halafu miaka mingi mbele baba mgonjwa, yuko kwenye kiti cha magurudumu, Will ndo anamsukuma, wanapita juu ya ngazi, na wazo linamjia la kuachia mikono. Hakuachia. Lakini ameliandika. Hiyo kurasa nilifunga kitabu nikakaa kwanza.

Sisemi wewe uko hivyo maana hujampiga mtu. Nasema watoto wanaandika vitabu.

Kalamu_Nyekundu
Na hicho nacho kina mwandishi wa pembeni, Mark Manson, ila angalau yeye jina lake lipo kwenye kava. Halafu kilitoka Novemba 2021, Machi 2022 jamaa akampiga mtu kofi kwenye Oscar. Kukisoma sasa hivi ni kitabu tofauti kabisa na kilichoandikwa.

Refa_Mstaafu
Mimi ningempa Friday Night Lights cha Buzz Bissinger, kitabu cha 1990. Timu ya futiboli ya Kimarekani ya shule ya sekondari kule Odessa, Texas, msimu wa 1988, mji mzima umewabebesha vijana wa miaka 17 furaha yao. Kuna kijana Boobie Miles, nyota wa timu, anaumia goti kabla msimu haujaanza vizuri na watu wanamsahau kama hakuwahi kuwepo. Huyo siyo staa anayejitetea, ni mwandishi aliyehamia na kukaa nao.

Chenga_Twawala
Refa mtu anataka mtoto asiache, wewe unampa goti limevunjika

Refa_Mstaafu
Nampa ukweli.

Mkongwe_Bado_Yupo
Wanangu mmejaa vitabu vya Wamarekani tu. Cha Kiswahili kipo kabla nyie hamjazaliwa: Wasifu wa Siti Binti Saad, Shaaban Robert. Mtoto wa watu wasio na kitu, anauza vyungu alivyofinyanga mama yake, anapita anaimba, watu wanatoka kwa sababu ya sauti, vyungu vinafuata. 1928 anakwenda Bombay kurekodi santuri. Kitabu chembamba, unakimaliza jioni moja, na Kiswahili chake kinanyoosha ulimi. Na mambo ya familia msome Shaaban mwenyewe, Maisha Yangu, pale anapomlilia mkewe Amina. Mwanamume wa kizazi kile kulia hadharani kwa beti!

MamaWawili
Mzee shikamoo. Hicho cha Siti nilikisoma shuleni nikiwa nalazimishwa, nadhani nirudie.

Mkongwe_Bado_Yupo
Marahaba mwanangu. Kirudie.

Natafuta_Pdf
Hicho cha Siti pdf ipo?

Bundi_Halali
Mzee Mkongwe umetuheshimisha. OP, swali la mwisho kwangu: umemuuliza kijana mwenyewe anataka kusoma nini?

Mlezi_wa_Kurasa
Ikishakuwa ameulizwa siyo zawadi tena

Bundi_Halali
Haya.

Refa_Mstaafu
Nikirudi kwenye suala la kuandikiwa, mfano mzuri ni Roy Keane, yule kiungo wa Manchester United. Kitabu cha 2002, mwandishi wake Eamon Dunphy, ile sehemu ya kumkanyaga Haaland baba yake Erling, mechi ya 2001, ikasomeka kama alikusudia. FA, chama cha soka cha England, wakamfungia mechi tano na faini pauni 150,000. Dunphy akaenda kusema maneno yale aliyanogesha yeye. Mtu kalipa faini kwa sentensi ya mtu mwingine.

Chenga_Twawala
Acha bwana Refa, ile rafu uliiona? Hakuna kunogesha pale. Alikusudia na dunia nzima iliona, akamaliza maisha ya mpira ya yule baba.

Refa_Mstaafu
Nilikuwa nasubiri mtu aseme hivyo. Keane alimpiga goti la kulia. Goti lililomsumbua Haaland likafanyiwa upasuaji ni la kushoto, na lilikuwa bovu kabla ya siku ile. Haaland mwenyewe amelisema hilo.

Chenga_Twawala
Kwa hiyo rafu ilikuwa halali?

Refa_Mstaafu
Nimesema halali wapi? Ni nyekundu mara mbili. Nimesema goti.

Sauti_ya_Pembeni
Mtu ukigongwa mguu mmoja si unatua na mwingine? Mwili wote unasukasuka

Kalamu_Nyekundu
Hapo sasa ndo umuhimu wa mwandishi wa nje, angekwenda kuongea na daktari.

Chenga_Twawala
Kalamu wewe hata goti unalipeleka kwa mwandishi

Mlezi_wa_Kurasa
Jamani mimi niliuliza kitabu 😅

MamaWawili
Kwani umeshanunua?

Mlezi_wa_Kurasa
Bado. Open na Born a Crime viko kwenye kikapu toka jana. Kurasa nimeangalia, mchapishaji nimeangalia, muhtasari siyo. Nimepakua ile sehemu ya mwanzo ya Open wanayotoa bure nikasema nionje. Nimefika kwenye joka nikaweka simu pembeni. Leo asubuhi hatukwenda kurusha, nilisema nina mafua.

Bundi_Halali
Na yeye alisemaje?

Mlezi_wa_Kurasa
Alirudi kulala.

Refa_Mstaafu
Chenga nimetafuta ile video, angalia mguu wa kulia, sekunde ya 40.